Moto wa Ludwigshafen, mchaichai na matone ya vitamini A

Tarehe 31 Oktoba 2017 moto ulizuka katika kiwanda kimoja cha kampuni ya BASF mjini Ludwigshafen, Ujerumani, wakati mafundi wakikiwasha upya baada ya kukisimamisha kwa matengenezo. Hakikuwa kiwanda cha dawa wala cha chakula. Kilitengeneza sitrali, kimiminika cha manjano hafifu chenye harufu kali ya limau. Siku chache baadaye BASF ikatangaza kwamba haitaweza kutimiza mikataba yake. Kwamba watengenezaji wa sabuni na manukato wangelalamika, hilo lilitegemewa. Lakini waliohangaika sana walikuwa wanunuzi wa vitamini A. Bei yake kwenye soko la dunia ilipanda mara kadhaa, ikakaa huko juu kwa miezi.

Sasa harufu ya limau na vitamini A, wapi na wapi?

Ukimuuliza mkemia atakuchorea molekuli mbili ubaoni, atazizungushia duara sehemu zinazofanana, basi, kamaliza. Jibu hilo ni sahihi ila halitoshi. Halikuambii kwa nini dunia ilichagua kupitia njia hii na si nyingine. Kwa hilo inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka 120, kwa watu ambao hawakuwa na habari yoyote na vitamini. Neno lenyewe lilikuwa bado halijabuniwa. Wao walikuwa wanatafuta marashi ya kuuza.

Kwanza, sitrali yenyewe

Unaijua hata kama jina ni geni kwako. Chuma jani la mchaichai, lisugue viganjani, nusa. Hiyo ndiyo sitrali. Mafuta ya kunukia ya mchaichai kwa kawaida huwa na sitrali kati ya asilimia 65 na 85. Ajabu ni kwamba mafuta ya ganda la limau yana sitrali asilimia chache tu. Sehemu kubwa ni kitu kingine kiitwacho limonini. Hata hivyo ile asilimia chache ndiyo inayoifanya pua iseme "limau".

Tunaposema mafuta ya kunukia hatuna maana ya mafuta kama ya alizeti. Dondoshea karatasi tone la mafuta ya alizeti, doa litabaki. Dondosha la mchaichai, baada ya muda limeruka na kwenda zake hewani. Ndiyo maana tunalinusa, na ndiyo maana linaweza kukenekwa: unapitisha mvuke kwenye majani, mvuke unabeba mafuta, unaupoza, maji yanakaa chini na mafuta yanaelea juu. Kazi ni kubwa na mavuno ni haba, kwani mafuta ni chini ya asilimia moja ya uzito wa majani mabichi.

Molekuli moja ya sitrali ina kaboni 10, haidrojeni 16 na oksijeni 1. Kwa kweli ni ndugu wawili, geraniali na nerali, wenye atomu zilezile zilizopangwa kwa mfuatano uleule, tofauti yao ikiwa upande ambao mnyororo unapinda kwenye sehemu moja. Shika hiyo namba 10. Tutaihitaji.

Na mmea unaitakia nini? Sitrali hushambulia utando wa seli za kuvu na kung'ang'ania protini, kwa hiyo ni silaha nzuri dhidi ya ukungu na baadhi ya bakteria. Tabia hiyohiyo ya kung'ang'ania protini ndiyo inayofanya ngozi za watu wengine ziwashwe nayo. Lakini viumbe wengine wameigeuza kuwa lugha. Nyuki wa asali wana tezi karibu na ncha ya tumbo, tezi ya Nasonov, na miongoni mwa harufu inazotoa kuwaita wenzao nyumbani mna sitrali. Kemia yake ilichambuliwa miaka ya 1960. Mfugaji wa nyuki anayesugua mzinga mpya kwa mchaichai ili kundi liingie anawasemesha nyuki kwa lugha yao, awe ameisoma kemia hiyo au hajaisoma. Huko Amerika ya Kusini kuna nyuki mdogo asiyeuma, Lestrimelitta limao, ambaye riziki yake ni kuvamia mizinga ya wengine. Anamwaga sitrali nyingi kiasi kwamba wenye nyumba wanachanganyikiwa, mawasiliano yao yanavurugika, naye anabeba chakula.

Tungeweza kukaa kwa nyuki siku nzima. Turudi kwenye marashi.

Hesabu iliyokosewa

Mwishoni mwa karne ya 19 Ulaya ilikuwa imependa kupita kiasi harufu ya violeti, kiua kidogo cha zambarau kinachoota chini chini. Tatizo ni kwamba violeti ni bahili. Unahitaji mlima wa maua kupata mafuta kidogo mno, kwa hiyo marashi halisi ya violeti yalikuwa ya matajiri. Mbadala wa nafuu kidogo ulikuwa mzizi wa airisi, ambao ukikaushwa na kuhifadhiwa miaka kadhaa huanza kunukia kama violeti. Nafuu kidogo tu, maana hiyo miaka ya kusubiri nayo ni gharama.

Hapo anaingia Ferdinand Tiemann, mkemia wa Berlin. Hakuwa mgeni kwenye biashara ya harufu. Mwaka 1874 yeye na Wilhelm Haarmann walikuwa wametengeneza vanilini, ile harufu ya vanila, kutokana na utomvu wa misonobari, na Haarmann akafungua kiwanda Holzminden. Tiemann alijua kwamba ukiweza kuigiza harufu ghali kwa malighafi rahisi, hulali njaa.

Akiwa na Paul Krüger, alianza kuuchambua mzizi wa airisi. Wakaitenga molekuli yenye harufu, wakaiita ironi, wakapima, wakapata kwamba ina kaboni 13, haidrojeni 20 na oksijeni 1. Wakajiuliza: kaboni 13 tunazipata wapi kwa bei rahisi? Sitrali inazo 10. Asetoni, ile ya kufutia rangi za kucha, inazo 3. Kumi na tatu hizo hapo.

Walipoziunganisha mbili hizo, molekuli moja ya maji ikitoka, walipata mnyororo wenye fomula ileile waliyoitafuta, ila haukuwa na harufu ya maana. Wakauchemsha na asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Mnyororo ukajikunja, ncha zikashikana kuwa pete, na maabara ikanukia violeti. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1893, na hataza ikachukuliwa. Kitu hicho kipya wakakiita iononi.

Sasa utamu wa hadithi uko hapa: walikosea. Ironi ya mzizi wa airisi ina kaboni 14, si 13. Kosa hilo lilikuja kurekebishwa miaka mingi baadaye. Kama wangepima sawasawa, wangekuwa wanatafuta 14, na sitrali pamoja na asetoni visingewafikisha popote. Tena baadaye ikaonekana kwamba iononi imo ndani ya maua ya violeti yenyewe. Walilenga mzizi, wakapiga ua. Nimewahi kuwasikia watu wakisimulia kisa hiki kama ushahidi wa kipaji cha Tiemann. Kipaji alikuwa nacho, sikatai, lakini mwaka huo alikuwa na bahati pia, tena bahati ya kukosea kwa upande unaofaa.

Nyasi za Malabar

Iononi ilishusha bei ya harufu ya violeti hadi ikaingia kwenye sabuni za kawaida. Viwanda vikahitaji sitrali kwa wingi, na sitrali ya kuuzwa kwa wingi ilitoka sehemu moja: vilima vya Travancore na jirani zake, kusini magharibi mwa India, eneo ambalo leo ni jimbo la Kerala. Mchaichai wa huko ni Cymbopogon flexuosus, binamu wa ule wa kwenye vikombe vyetu vya chai, Cymbopogon citratus. Wakulima walikata nyasi, wakazikeneka kwenye mitungi mikubwa ya shaba juu ya moto wa kuni palepale karibu na shamba, na mafuta yakateremshwa bandarini Cochin. Wafanyabiashara wa Ulaya waliyaita mafuta ya Cochin, kana kwamba bandari ndiyo iliyoyazaa.

Hadi Vita vya Pili vya Dunia, India ilikaribia kuwa muuzaji pekee. Vitabu vya historia ya kemia vinampa Tiemann ukurasa mzima, na aliyekata nyasi hapati hata sentensi. Lakini bila yule mkata nyasi, ile hesabu ya 10 na 3 ingebaki kwenye karatasi.

Kichwa cha vitamini

Mwaka 1913 Elmer McCollum na Marguerite Davis, Wisconsin, Marekani, waliona kwamba panya waliolishwa chakula kilichosafishwa sana waliacha kukua, na kwamba siagi au kiini cha yai viliwarudisha katika hali yao. Kulikuwa na kitu fulani ndani ya mafuta hayo. Kikapewa herufi ya kwanza, A. Ikaja kueleweka kwamba ukikikosa, jambo la kwanza ni kutoona wakati wa giza, kisha macho yanakauka, na mtoto anaweza kupofuka moja kwa moja.

Kitu hicho kimeundwaje? Jibu lilitoka Zurich mwaka 1931 kwa Paul Karrer. Alikata molekuli ya vitamini A kwa gesi ya ozoni, akaangalia vipande. Kimojawapo kilikuwa asidi ya geroniki, kipande kilekile unachopata ukiikata beta-iononi kwa namna hiyo. Maana yake ni kwamba kichwa cha vitamini A ni pete ya iononi, pete ileile iliyojikunja ndani ya chombo cha Tiemann na Krüger. Karrer alipata tuzo ya Nobel mwaka 1937.

Hii haikuwa sadfa tupu, na hapa naomba utulie kidogo. Mimea hutengeneza beta-karotini, ile rangi ya karoti, embe na viazi lishe, yenye pete moja kila ncha. Ua la violeti hukata karotini za aina hiyo karibu na pete, na kipande kinachoruka ndicho iononi. Mwili wako nao huikata beta-karotini katikati, na nusu yake inakuwa vitamini A. Harufu ya violeti na vitamini ya macho ni vipande vya mti mmoja vilivyokatwa sehemu tofauti. Watu wa marashi walikuwa wameshika mkononi, tangu 1893, kichwa cha kitu ambacho hakuna aliyekijua.

Kukijua hakukutosha kukitengeneza. Kwa muda wote huo vitamini A ya dukani ilitoka kwenye maini ya samaki. Vita vilipokatiza mafuta ya ini la chewa kutoka Norway, wavuvi wa California waligeukia aina ya papa mwenye ini lenye vitamini A nyingi. Wazee wa mwambao wetu wanayajua mafuta ya ini la papa kwa jina la sifa, ya kupaka vyombo vya baharini visioze. Kule yaliingia kwenye kapsuli, na bei ya ini ikawafanya watu waache kazi nyingine wakavue papa. Uvuvi huo ulishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1930, na kufikia katikati ya miaka ya 1940 papa wenyewe walikuwa wameadimika.

Mwaka 1947 Otto Isler na wenzake wa kampuni ya Roche, Basel, Uswisi, walikamilisha njia iliyofaa kiwandani. Hesabu yake inaanzia pale tulipoishia: chukua iononi yenye kaboni 13, ongeza 1 iwe 14, kisha unganisha na kipande cha kaboni 6. Jumla 20. Vitamini A ina kaboni 20.

Na iononi ya kuanzia ilitoka wapi? Kwenye sitrali. Na sitrali? Kwenye mafuta ya mchaichai. Kwa kipindi kifupi, mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuendelea, nyasi za India zilikuwa mwanzo wa njia ya kuelekea kapsuli za Ulaya. Kilikuwa kipindi kifupi kweli, kwa sababu kiwanda hakipendi kutegemea mvua na bei za bandarini. Roche walitafuta njia ya kujenga mnyororo huo kutokana na asetoni na asetilini. Baadaye BASF wakaja na njia yao inayoanza na isobuteni, zao la mafuta ya petroli, na fomaldehaidi. Mchaichai ukapoteza mteja wake mkubwa, na mkulima wa Kerala akabaki na soko la sabuni na manukato, akishindana na Guatemala na, baadaye, na mafuta ya mti wa Litsea cubeba kutoka China. Sitrali yenyewe haikuondoka kwenye mnyororo. Ilibadilisha mahali pa kuzaliwa tu, kutoka kilimani hadi kwenye bomba.

Mvumi, watoto 180

Ukisoma historia hii kwa upande wa viwanda unaweza kuona ni hadithi ya hataza na bei. Basi twende Mvumi, mkoani Dodoma. Katika miaka ya 1980 madaktari Barclay, Foster na Sommer walifanya jaribio kwa watoto 180 waliolazwa kwa surua. Wote walipata matibabu ya kawaida. Nusu hivi waliongezewa dozi kubwa ya vitamini A, yuniti 200,000, kwa mdomo. Kati ya watoto 88 waliopewa walikufa 6. Kati ya 92 ambao hawakupewa walikufa 12. Jaribio lilichapishwa mwaka 1987.

Wenzangu wa takwimu watanikumbusha, na wana haki, kwamba kwa ujumla tofauti hiyo ingeweza kuwa bahati tu. Watoto 180 ni wachache. Lakini kwa walio chini ya miaka miwili kifo kilikuwa 1 dhidi ya 7, na hapo ni vigumu kusema bahati. Sommer huyohuyo alikuwa ameonyesha Indonesia, katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1986, kwamba kuwapa watoto wa vijijini vitamini A kulipunguza vifo vyao kwa karibu theluthi moja. Kabla ya hapo wengi waliona vitamini A ni habari ya macho peke yake.

Dozi ya Mvumi ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye ile kapsuli nyekundu inayokatwa ncha na kukamuliwa mdomoni kwa mtoto wa kuanzia mwaka mmoja, yale matone ya vitamini A ya kila miezi sita. Ya bluu ina nusu yake, kwa walio kati ya miezi 6 na 11. Yuniti 200,000 ni sawa na miligramu 60 za vitamini A. Jaribu kupima miligramu 60 za chumvi uone ni kitu kidogo kiasi gani.

Usiikimbilie birika

Najua swali linalokuja kwenye maoni, kwa hiyo nilijibu mapema: hapana, chai ya mchaichai haikupi vitamini A. Mwili hauna mtambo wa Isler. Hauwezi kuichukua sitrali ukaiongezea kaboni hadi 20. Vitamini A ya kwenye sahani ipo kwenye maini, mayai na maziwa, au unaitengeneza mwenyewe kutokana na karotini ya mchicha, maembe, viazi lishe na mawese mekundu ambayo hayajasafishwa.

Kuna kituko zaidi. Ili vitamini A ifanye kazi zake nyingi, seli huibadilisha kuwa asidi ya retinoiki. Sitrali, kwa kufanana kwake na molekuli za njia hiyo, huziba vimeng'enya vinavyofanya mabadiliko hayo. Wanabaiolojia wa viinitete wameitumia maabara kwa kazi hiyohiyo: wanaiweka kwa kipimo kikubwa, asidi ya retinoiki inapungua, wanatazama kiungo gani cha kiinitete kinakosea njia. Kikombe chako cha chai hakikaribii vipimo hivyo, kinywe kwa amani. Ila ukitaka mfano wa kwa nini "kinatumika kutengeneza" na "kinafanya kazi kama" ni mambo mawili tofauti, sijaona bora kuliko huu.

Leo sitrali ya viwandani hutoka kwenye mitambo michache duniani. Sehemu kubwa ya vitamini A inayotengenezwa huishia kwenye chakula cha mifugo, hasa kuku, kwa hiyo moto wa 2017 ulisikika kwanza huko. Mwezi Julai 2024 moto mwingine ulizuka katika eneo lilelile la Ludwigshafen, katika sehemu nyingine ya mitambo, na BASF ikasimamisha tena mauzo ya vitamini A na E pamoja na baadhi ya manukato.

Ukiwa jikoni, angalia chupa ya mafuta ya kula yaliyoongezwa virutubishi. Vitamini A yake huandikwa mara nyingi kwa jina la retinili palmitati. Kisha nenda bafuni, usome orodha ya viungo nyuma ya sabuni au losheni iliyotoka Ulaya. Sheria za kule zinawalazimisha watengenezaji kuitaja sitrali inapozidi kiwango fulani, kwa ajili ya wale wenye ngozi inayowashwa. Huwa iko mwishoni mwishoni, kwa herufi ndogo kabisa.